Land Cruiser 80 inatetemeka na kuvuja mbele, alafu nataka kuiinua inchi 4: nianzie wapi?

Swali: Habari mtaalamu. Nimenunua Land Cruiser 80 ya mwaka 1994, injini 1HZ, manyuo. Historia yake siijui, aliyeniuzia na yeye alikaa nayo muda mfupi. Nataka niifanye iwe gari ya porini kweli, niiinue inchi 4, niweke tairi za 35, bampa ya chuma, winchi, snokeli na keria. Kazi nyingi nataka nifanye mwenyewe nyumbani, spana ninazo za kutosha na jeki ya chupa ninayo. Shida nilizoziona ni mbili: nikiwa kama 80 kwa saa nikapita kwenye kishimo usukani unatetemeka vibaya mpaka nipunguze mwendo ndo unatulia, na gurudumu la mbele kulia kwa ndani kumelowa mafuta meusi yaliyoshika vumbi. Marafiki wananiambia nibadilishe shokapu ya stering tu alafu niendelee na lifti. Nianzie wapi?

Jibu: Hongera kaka, umechukua gari nzuri sana ya kujifunzia, ekseli nzima mbele na nyuma, springi za koili pande zote, injini haina kompyuta, karibu kila kitu kinafunguka kwa spana za kawaida. Jibu langu kwa kifupi ni hili, anzia kwenye hilo gurudumu la mbele kulia. Lifti weka pembeni kwanza, na tukifika huko ntakuomba uishushe kutoka inchi 4 iwe 2, ntakueleza kwa nini. Hizo shida mbili ulizozitaja inawezekana kabisa zinatoka sehemu moja, kwenye nako, kile kipande cha mwisho wa ekseli kinachogeuka pamoja na gurudumu, na ukiiinua gari kabla hujazitibu basi lifti inazikuza, maana inaharibu kasta (ule mlalo wa nako unaorudisha usukani katikati) alafu zile tairi kubwa zinaongeza uzito wa kitu ambacho tayari kinatetemeka. Na hiyo shokapu ya stering wanayokwambia, mtetemo itaupunguza kweli wiki kadhaa, lakini kilicholegea kitabaki kimelegea na kitaendelea kulika huku wewe unadhani umepona. Shokapu ya stering ni ya mwisho kabisa kubadilishwa.

Kabla hujafungua chochote, jeki ya chupa peke yake haitoshi. Tafuta stendi 2 za chuma zenye uwezo unaoeleweka, bila hizo usiingie chini ya gari hata kwa sekunde 5 kuokota nati. Jeki ni ya kuinulia, stendi ndo ya kushikilia. Stendi iweke chini ya ekseli au chesisi kutegemea unafanya nini, sehemu ngumu bapa, ardhi iwe ya zege au uweke ubao mnene ili stendi isizame. Alafu kumbuka hendibreki ya hii gari inashika magurudumu ya nyuma, kwaiyo siku unainua nyuma hendibreki huna tena, na hata kuiacha kwenye gia hakusaidii maana kama magurudumu ya mbele hayajafungwa kwenye 4WD gia inashika hayohayo ya nyuma yaliyo hewani. Kabari kwenye magurudumu yaliyobaki chini, mbele na nyuma ya tairi, kila siku, hata kwa kazi ya dakika 10.

Haya, mtetemo. Ule unaoanza baada ya kishimo na haukomi mpaka upunguze mwendo maana yake kuna sehemu ina uchezo, kishimo kinaianzisha tu. Ule mwingine unaokuja wenyewe kwenye barabara laini kwa spidi fulani mara nyingi ni wili balansi au tairi iliyopinda, na kwa kuwa balansi ni kazi rahisi kuliko zote anza na hiyo ili uitoe kwenye hesabu. Baada ya hapo inua mbele, weka stendi chini ya ekseli, shika tairi juu na chini, yani mkono mmoja saa 12 mwingine saa 6, alafu itikise kwa nguvu ukivuta na kusukuma. Ukisikia inacheza, mwite mtu akanyage breki aishikilie wewe ukiendelea kutikisa. Uchezo ukipotea, ni wili beringi, kwa sababu breki imeunganisha diski na nako vikawa kitu kimoja. Uchezo ukibaki palepale, ni beringi za kingpini, zile mbili, ya juu na ya chini, zinazofanya nako izunguke kwenye kile kichwa cha chuma cha mviringo kama mpira, mwishoni mwa ekseli. Jaribio hili halihitaji kifaa chochote na linakuokoa kununua vitu usivyovihitaji.

Alafu shusha gari, magurudumu yakae chini kabisa, mwambie mtu apeleke usukani kushoto kulia haraka haraka kidogo tu, kama robo mzunguko, wewe ukiwa umelala mbele unaangalia na kushika kwa mkono kila ncha ya tairodi na hasa bushi za panhadi rodi, ile fimbo ndefu inayotoka chesisi kwenda ekseli kwa upana. Mkono unahisi uchezo ambao jicho halioni. Bushi ya panhadi ikiwa imechoka ekseli nzima inatembea pembeni kila usukani unapogeuka, na hiyo inatosha peke yake kuleta tetemeko. Bolti zake nazo ziangalie, kuna wakati bushi ni nzima ila tundu la bolti limepanuka.

Sasa hayo mafuta. Kile kichwa cha mviringo nyuma ya gurudumu kikiwa na utando mwembamba wa grisi hiyo ni kawaida, sili ya felti inakifuta kila ukikata kona na lazima iache kitu kidogo. Ila kikiwa kimelowa, kinatiririka, kimechora mpaka kwenye rimu kwa ndani, hapo oili ya difu imepita sili ya ndani ya ekseli, ikaingia kwenye nako, ikayeyusha grisi ya sivi jointi (ile jointi inayozungusha gurudumu hata likiwa limekata kona) na sasa huo mchanganyiko unatoka nje. Hatari yake sio uchafu. Hatari ni kwamba sivi jointi na beringi za kingpini zinaogelea kwenye uji usiolainisha sawasawa, difu huku inapungua oili, na ukiacha inafika kwenye padi za breki.

Kuna kitu kidogo naomba ukiangalie kabla hujanunua sili hata moja, kile kipumulio cha ekseli ya mbele. Ni kikofia kidogo juu ya ekseli, kinaruhusu hewa itoke difu ikipata moto. Kikiziba kwa tope kavu, na kwenye gari isiyojulikana historia yake kuziba ni jambo la kawaida sana, hewa ya moto inatafuta pengine pa kutokea na penyewe ni kwenye sili za ekseli. Mtu anabadilisha sili, baada ya muda zinavuja tena, anabadilisha tena, kumbe kipumulio kimeziba muda wote. Kifungue, kipulize, kama hakipitishi kitupe. Na ukiwa hapohapo fanya mabadiliko ya kwanza ya maana kwenye hii gari, chomeka hozi ya mpira badala ya kile kikofia, ipandishe mpaka juu kwenye injini ukaifunge karibu na usawa wa bonneti, mdomo wake ukiangalia chini na ukiwa na kichujio kidogo. Fanya ekseli zote mbili, gia boksi na transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) pia. Difu ikiwa ya moto ukaingia kwenye maji inapoa ghafla, hewa iliyo ndani inasinyaa, inavuta, na kama kipumulio kiko chini inavuta maji. Hozi tu na klipu, na kwa gari ya porini ina faida kuliko hiyo lifti nzima.

Kazi yenyewe ya nako ni chafu lakini sio ngumu, tenga siku nzima kwa kila upande usijibane na muda. Fanya pande zote mbili hata kama wa kushoto haujaanza kuvuja, sili zina umri mmoja. Nunua kit kamili ya nako, sili za ndani, felti, gasketi, beringi za kingpini na za gurudumu, na nunua pia boksi la spana la milimita 54 kwa ajili ya nati kubwa za beringi, usikubali mtu akufundishe kuzigonga kwa patasi, zile nati zinaharibika na ukishaziharibu hupati tena kukaza kwa kipimo. Kalipa, ile inayobana diski ya breki, ukiitoa ining'inize kwa waya kwenye springi, usiiache inaning'inia kwa hozi yake.

Pale kwenye habu watu wengi wanakwama. Unafungua nati 6 na kitu hakitoki, unavuta, unaingiza bisibisi kuchokonoa, haitoki. Ni kwa sababu chini ya kila nati kuna washa ya koni, imejibana kati ya stadi (ile bolti inayotokeza) na tundu. Nati usizitoe kabisa, ziache zimeshika nyuzi chache, alafu chukua kipande cha shaba ugonge uso wa habu katikati ya stadi na stadi, pigo moja zito la kueleweka, sio vigongo vidogo vidogo. Utaona koni zinaruka zenyewe moja moja, na nati zinazuia zisikurukie usoni. Shaba kwa sababu ni laini, haiachi alama kwenye chuma.

Ukishatoa kila kitu mpaka umebaki na kile kichwa kikubwa cha mviringo, kisafishe kwa dizeli au mafuta ya taa mpaka kidole chako kisipate hata punje ya mchanga, kisha ukikague chini ya mwanga. Kikiwa na vishimo vya kutu kwenye njia ya felti, sili mpya itakatwa mapema. Kutu ndogo sugua kwa msasa laini sana. Zile shimu, vibati vyembamba vya kwenye kofia za kingpini, usizichanganye, za juu kulia ni za juu kulia, zitie kila moja kwenye kifuko chake uandike, kwa sababu ndizo zinazoamua beringi zimekazwa kiasi gani. Ukirudisha nako ikiwa tupu, haina ekseli wala sili ya felti, igeuze kwa mkono, inatakiwa iwe na uzito fulani wa kugeuka, sio inaanguka yenyewe upande mmoja. Kitabu cha matengenezo cha Toyota kinatoa kipimo cha kuvuta kwa mizani ya kuning'iniza, kifuate, hapa ndipo mtetemo wako unapoponea au kurudi. Ukalegeza shimu umerudi kwenye tetemeko, ukakaza mno beringi zinakufa.

Sivi jointi nayo ioshe uikague. Kama huwa inatoa ta-ta-ta ukikata kona kali, njia za mipira zimelika upande wa kwenda mbele, na kwa hii gari ipo njia inayojulikana ya kuhamisha jointi ya kulia iende kushoto na ya kushoto iende kulia, zinaanza kubeba mzigo kwenye upande ambao haujalika. Kama haikuwa inalia usiguse, rudisha ilipotoka. Grisi iwe ya moli, ya sivi jointi, jaza jointi yenyewe kwa mkono mpaka grisi itokee upande wa pili kisha nako ndani ijaze kama robo tatu, usiijaze ikafurika.

Ukimaliza hapo hujamaliza msingi. Gari isiyojulikana historia ichukulie kwamba haijawahi kufanyiwa kitu. Oili zote, injini, gia boksi, transfa, difu mbili, maji ya breki, kulanti. Kwenye difu na gia boksi kanuni haibadiliki, fungua kwanza bolti ya kujazia, ndo ufungue ya kumwagia, kwa sababu ukimwaga oili yote alafu ya kujazia ikagoma kufunguka umebaki na gari isiyoweza kutembea. Oili ya difu ikitoka nyeupe nyeupe kama maziwa, maji yaliingia. Vumbi laini la chuma kwenye sumaku ya bolti ni la kawaida, vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole sio kawaida. Difu inataka oili ya GL-5 (daraja la oili ya gia), ila gia boksi soma kitabu kwanza, usimimine tu ile iliyobaki kwenye difu.

Na taimingi belti. 1HZ inatumia mkanda na Toyota wameweka taa kwenye dashibodi iliyoandikwa T-BELT inayowaka kilomita 100,000 zikifika. Watu wanaiamini kupita kiasi. Ile taa haijui hali ya mkanda, inahesabu kilomita tu, na mtu anaweza kuirudisha sifuri bila kugusa mkanda wenyewe. Kama huna ushahidi wa lini ulibadilishwa, badilisha wiki hii pamoja na beringi yake ya kukazia, kabla hujafikiria bampa wala winchi. Mkanda ukikatika njiani valvu zinakutana na pistoni na injini unaifungua yote.

Sasa tuje kwenye lifti, na hapa naomba unisikilize maana pesa nyingi zinapotea hapa. Springi hazinunuliwi kwanza. Unatakiwa ujue kwanza gari itabeba nini kila siku. Bampa ya chuma na winchi ni uzito wa mbele kabisa, nje ya ekseli, betri ya pili nayo huko huko, keria na mzigo wake uko juu kabisa. Funga hivo vitu kwanza, ipeleke gari kwenye mizani ekseli ya mbele peke yake alafu ya nyuma peke yake, ukiwa na tangi limejaa, ndo uende kununua springi ukiwa na namba mkononi. Ukianza na springi za mzigo mkubwa kwenye gari tupu inakaa juu kama imevimba, inaruka ruka, tairi haishiki chini vizuri, alafu ukija kufunga bampa inashuka mbele na unanunua springi mara ya pili. Angalia pia kile kibao cha uzito wa juu unaoruhusiwa, springi ngumu hazipandishi hiyo namba, maana breki, ekseli na chesisi ni zilezile.

Kwa nini inchi 2, yani milimita 50 hivi, na sio 4? Ekseli ya mbele ya 80 imeshikwa na mikono miwili mirefu inayorudi nyuma kwenye chesisi. Ukiinua bodi, ile mikono inalala kuelekea chini mbele na ekseli nzima inazunguka kidogo, juu ya kingpini inaenda mbele. Hiyo ndo kasta inapungua, ule mlalo unaofanya usukani urudi katikati wenyewe ukiuachia. Kasta ikipungua gari inatangatanga barabarani, unaishikilia muda wote, na tetemeko linapata nafasi. Sasa kwa inchi 2 unarekebisha kwa bushi maalum za kasta na mambo yanaisha. Kwa inchi 4 bushi hazitoshi, unahitaji mikono mingine au sahani za kushusha mikono, na tatizo la pili linazaliwa hapohapo, kwa sababu ukiirudisha kasta unazungusha ekseli kinyume, pua ya difu inashuka, propela shafti ya mbele inakaa kwenye pembe mbaya na krosi zinaanza kulia. Kwaiyo unanunua na propela. Alafu panhadi rodi ndefu zaidi, maana kadri gari inavyopanda ile fimbo inaivuta ekseli pembeni. Hozi za breki ndefu. Shokapu ndefu. Kila inchi baada ya ile ya pili inakuletea bili yake.

Kitu kimoja karibu kila anayefanya lifti nyumbani anakisahau, ile vali ya breki inayopima mzigo. Nyuma kwenye chesisi kuna vali yenye mkono unaoshuka mpaka kwenye ekseli. Gari ikibebeshwa mzigo nyuma inashuka, mkono unasukumwa, vali inaongeza breki za nyuma. Ukiinua gari, ule mkono unavutwa na vali inadhani gari imekuwa nyepesi kuliko kawaida, inapunguza breki za nyuma wakati wewe umeongeza mzigo na tairi kubwa. Unaona ilivyo kinyume? Dawa yake ni kibano kidogo cha chuma cha kuinua pale mkono unaposhikwa kwenye ekseli, kwa kiasi kilekile ulichoinua gari, alafu ujaribu breki sehemu tupu salama, spidi ndogo kwanza.

Kuzifunga springi zenyewe ni kazi rahisi kwenye 80. Chesisi kwenye stendi, jeki chini ya ekseli, fungua shokapu na stabilaiza, fungua na kibano kinachoshika hozi ya breki, shusha ekseli taratibu huku unaangalia ile hozi isikaze, na koili inalegea yenyewe bila kibanio. Usiweke vidole kati ya koili na kiti chake. Na hili la mwisho kwenye springi, bolti zote za bushi za raba, za mikono, za panhadi, zifunge kwa mkono tu kwanza, shusha gari ikae kwa uzito wake chini, itikise, ndo uzikaze kwa toki renchi. Ukizikaza ekseli ikiwa inaning'inia raba inashikwa ikiwa imejipinda na inaishi maisha yake yote imejipinda, inachanika mapema na gari inakaa vibaya. Kisha wili alaimenti, uombe karatasi yenye namba ya kasta, usikubali kuambiwa iko sawa tu.

Tairi. Hapa kuna kitu naona hakisemwi vya kutosha, lifti haiinui difu. Unainua bodi, ila ekseli na lile bonge la difu linalogonga mawe vviko palepale vilipokuwa. Kinachoinua difu ni tairi peke yake, na kinainua kwa nusu tu ya tofauti ya kipenyo. Chukua 275/70R16, saizi iliyokuja na 80 nyingi, kipenyo chake ni kama milimita 791. Hizo 35 unazozitaka kwa saizi ya 315/75R16 ni milimita 879. Tofauti 88, difu imepanda 44. Ukichukua 285/75R16, ndo inayoitwa 33, ambayo ni 834, difu inapanda kama 21. Kwaiyo 35 inakupa sentimita 2 na kidogo zaidi ya 33, sasa angalia unalipia nini. Mzunguko unakuwa mrefu kwa asilimia 11, dashibodi inakuonyesha 100 kumbe unatembea 111, injini ya 1HZ ambayo haina tabo inahisi umeiongezea gia, mlima uliokuwa unaupanda gia ya 4 unaupanda ya 3, na breki zilezile zinatakiwa kusimamisha kitu kizito chenye mkono mrefu zaidi. Kuirudisha nguvu yake unabadilisha meno ya difu zote mbili, na hiyo sio kazi ya nyumbani kwa anayeanza. 33 na inchi 2 ni mpangilio ambao 80 inaubeba bila kulalamika, na mimi ningeishia hapo. Kanuni za ukaguzi na bima za unapoishi zisome kabla, sehemu nyingine lifti na saizi ya tairi vina kikomo cha kisheria.

Tena kabla ya kununua tairi yoyote nunua geji nzuri ya upepo na kompresa ya kueleweka, hutaamini tofauti. Ukishusha upepo kutoka psi 36 mpaka 18 kwenye mchanga tairi inalala, alama yake chini inarefuka sana na inapanuka kidogo, gari inaelea badala ya kuchimba. Ukiwa chini hivo spidi iwe ndogo na kona usikate kwa nguvu, tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu, na chini ya 15 usiende mpaka umezoea. Ukirudi barabara ngumu jaza kwanza ndo uondoke, tairi laini kwenye spidi inapata moto kwenye mbavu na kupasuka.

Snokeli, lile bomba linalopandisha mdomo wa hewa ya injini juu, ifunge ila uijaribu. Washa injini iache silensa, ziba mdomo wa snokeli kwa kipande cha raba bapa, injini inatakiwa izime. Ikiendelea kunguruma, kuna mahali inavuta hewa, kwenye ungio la hozi au kifuniko cha filta, na hapo ndipo maji yataingilia. Maji hayabanwi, pistoni ikikutana nayo konrodi inapinda. Na gari ikizima ndani ya maji usipige stata, ivute nje, toa hita plagi zote ndo uizungushe.

Umeme wa taa na winchi, kila waya unaotoka betri uwe na fyuzi karibu kabisa na betri, fyuzi iliyo mwisho wa waya hailindi waya wenyewe. Taa 2 za wati 100 ni karibu ampea 17, hizo zinataka rilei na waya mnene, sio kuungia kwenye swichi ya taa za kawaida. Na chungulia betri zako, zipo 80 za dizeli zinazowashwa kwa volti 24, ukikosea pa kuchukulia umeme unaunguza kila kitu cha volti 12.

Winchi iwe na uwezo wa angalau mara moja na nusu ya uzito wa gari ikiwa imejaa, kwa hiyo 80 yenye tani 3 tafuta ya kilo 4,500 kwenda juu, ukijua kwamba namba iliyoandikwa ni ya kamba ikiwa imebaki lea (tabaka) ya kwanza kwenye dramu, lea za juu zinavuta kidogo zaidi ya nusu au robo tatu tu. Ila kabla ya winchi weka pointi za kuvutia za kweli, zilizofungwa kwenye chesisi kwa bolti za daraja la juu na zenye uzito umeandikwa. Zile kulabu nyembamba gari inazotoka nazo kiwandani ni za kufungia kwenye meli, na ile bonge ya kuvutia trela usiwahi kuifungia kamba ya kuchomolea gari, imeshakatika na kuua watu sehemu nyingi, inaruka kama risasi. Sheko (pingu ya chuma ya kuungia kamba) ya 19 mm huwa na muhuri wa tani 4.75, isiyo na muhuri iache dukani. Watu wote wasimame mbali, mbali kuliko urefu wa kamba, na wasiwe kwenye mstari wake.

Ukishamaliza nako tembea kilomita 100 hivi za kawaida, alafu rudia kukaza nati za magurudumu, gusa habu zote mbili kwa mkono baada ya safari, moja ikiwa ya moto sana kuliko mwenzake beringi umeikaza mno. Panda tena kwenye kile kishimo kwa 80. Ikiwa bado inatetemeka, niandikie matokeo ya lile jaribio la breki na namba ya kasta kutoka kwenye karatasi, tutaendelea kutokea hapo.